Uchungu Niliomficha Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho. Haikuwa siku ya vita wala ya njaa. Ni siku niliyopanda gari moshi kutoka Buiko kuja Tanga, nimekaa na adabu zangu kwenye benchi, na adabu hizo nusura zinizike mimi na kiumbe nilichokibeba. Sogea nikuhadithie. Simu iweke chini kwanza, maana mimi nikianza sirudii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nimeolewa na Salimu, kijana wa Kidigo kutoka Moa, mpole, mwepesi wa kucheka. Aliajiriwa kwenye reli akapelekwa Buiko, na mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, niliyezoea adhana za misikiti na kelele za wauza kahawa, nikamfuata. Reli ile ukiisafiri ndiyo utaielewa. Inaanzia Tanga bandarini, kwenye meli na makuli na harufu ya mkonge. Inapita Muheza na Korogwe katikati ya mashamba, inakwenda chini ya milima ya Usambara hadi Mombo, kisha inaingia nchi kavu ya Upare, ambako stesheni ni nyumba mbili tatu, tangi la maji na mbuzi wa watu. Mbele huko inafika Moshi, kwenye mji na kahawa na baridi. Sisi tulikaa pale katikati, pakavu. Gari likishapita, kimya kinachobaki kinakufanya usikie tumbo lako mwenyewe likinguruma.

Na njia yenyewe ilikuwa moja tu. Gari linalopanda na gari linaloshuka hayawezi kupishana ila kwenye stesheni: moja linaingizwa pembeni lingoje, jingine lipite. Kazi ya mume wangu ilikuwa hiyo, kuvuta mkono wa chuma reli igeuke, gari liingie pembeni. Nilikuwa nikimchungulia dirishani na kumwonea fahari, kama kwamba gari lote lile linamtii yeye.

Basi nikapata mimba. Sasa kwetu pwani, mwanangu, mimba ya kwanza hailelewi ugenini. Mwezi wa saba ukiingia, binti hurudishwa kwa mama yake akazalie huko, akandwe na kuogeshwa na wale waliomlea. Anayemsindikiza ni mama mkwe, au wifi, au mwanamke yeyote mwenye umri wa kuaminika. Lakini mama mkwe wangu alikuwa kitandani, mguu umemvimba, na wifi yangu ana mtoto mchanga. Salimu akaomba ruhusa kazini hakupata, mwenzake alikuwa mgonjwa na reli haiachwi peke yake. Siku zikaenda. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita, wa tisa ukaingia, na mimi bado niko Buiko naangalia mbuzi. Mama yangu huko Ngamiani alikuwa halali. Mwishowe baba mkwe akaona aibu hii haivumiliki, akapanda gari kuja kunichukua yeye mwenyewe.

Huyu ndiye Mzee Hatibu. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa msahafu, mrefu, kanzu yake haina hata kunyanzi moja, na sauti yake watu wa Moa walikuwa wakiisikia kutoka upande wa pili wa mji akisoma. Mtu mwema sana. Lakini mkwe ni mkwe. Siku hizi nawaona mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnatazama mpira, mnanyang'anyana ile rimoti. Sisi tulikuwa hatutazamani usoni. Mzee Hatibu hakuwahi kunisemesha mimi kama mimi. Akiwa na kiu huuambia mlango, "Sijui humu ndani mna maji?" Nami humjibu kwa kuyaleta, nimeinama, nimejifunika, nikayaweka chini na kuondoka. Somo yangu aliyenifunda kabla ya harusi alinishika sikio akaniambia, "Mkwe wako asijue kama una tumbo la njaa, sembuse la mimba." Nikaapa kwamba hatajua.

Tukapanda gari alfajiri, daraja la tatu, mabenchi ya mbao. Salimu akambusu baba yake mkono, akanitazama mimi kwa jicho la kuniomba radhi, akarudi kwenye mkono wake wa chuma. Mzee akakaa ncha moja ya benchi, uso dirishani. Mimi nikakaa ncha nyingine ndani ya buibui langu. Katikati yetu akaweka kikapu cha chakula, kama mpaka wa nchi mbili.

Tulipopita Mkomazi nikasikia kitu kiunoni. Kikaja, kikabana, kikaachia. Nikasema moyoni huu ni mtikisiko wa gari. Kikaja tena. Nikasema ni lile benchi. Mtu asiyetaka kujua, mwanangu, hakosi sababu. Kabla ya Mombo kilikuwa kimeshakuja mara nyingi hata nikaacha kukitafutia jina, na nilijua. Msichana gani asiyejua? Nilikuwa nimewasikia mama zangu wadogo wakizaa chumba cha pili tangu nikiwa mtoto.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Si hofu ya kuzaa, mwanangu, na hili nikikwambia utacheka. Hofu yangu ilikuwa Mzee Hatibu asijue. Ningemwambiaje? Kwa maneno gani? Hata neno lenyewe, uchungu, lilikuwa halitamkiki mbele ya mtu yule. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: gari litafika Tanga alasiri, mama yuko stesheni ananingoja, nitashuka, nitamnong'oneza, basi. Nivumilie tu hadi Tanga. Nikashika ukingo wa dirisha, uchungu ukija nabana meno, ukienda napumua taratibu ndani ya buibui ili lisitikisike.

Mombo akapanda bibi mmoja wa Kishambaa, ametoka milimani na kapu la kabichi na kuku amemfunga miguu. Akakaa benchi la mbele yetu, akatuamkia, Mzee akamwitikia, mimi nikaitikia kwa kichwa. Jina lake Bi Zaina. Alikuwa mtu wa maneno. Alizungumza na Mzee habari za mvua, na habari za binti yake aliyeolewa Tanga ambaye hajui kupika kabichi, na habari za yule kuku ambaye ati ni mkorofi kuliko mumewe marehemu. Mzee akawa anacheka kidogo kidogo. Lakini macho ya bibi yule yalikuwa kwangu. Kila nilipobana meno, alinyamaza.

Tukafika Korogwe. Ah, Korogwe! Hapo gari lilisimama muda mrefu, injini inakunywa maji, watu wanashuka kununua maandazi na machungwa. Korogwe ni mji, mwanangu, kuna hospitali, kuna wauguzi, kuna kila kitu nilichokihitaji. Ningeinua mkono tu. Na Mzee Hatibu akasimama, akakohoa, akaliambia dirisha, "Sijui kama kuna mtu angependa kushuka hapa, apumzike kidogo. Kama hajisikii vizuri."

Nilifungua mdomo, wallahi niliufungua. Nikasema, "La, baba. Hapana neno."

Hapana neno! Maneno hayo mawili nimeyasikia tena masikioni mwangu miaka na miaka, nikiwa naosha vyombo, nikiwa nasali. Mzee akakaa chini. Bi Zaina akanitazama, akafumbua mdomo, akafumba, akaona haimhusu. Kipenga kikalia, gari likaondoka, na Korogwe ikabaki nyuma yetu.

Hatukwenda mbali. Uchungu sasa ulikuwa hauniachii kupumua, unakuja mmoja juu ya mwingine. Nimeuma ncha ya kanga niliyovaa ndani hata nikaonja rangi yake. Nje ni mikonge, mistari na mistari ya mikonge haina mwisho, na mimi naiomba ipite upesi. Mara gari likapunguza mwendo. Likayumba upande. Nikaujua ule myumbo, mke wa Salimu mimi: tunaingizwa pembeni. Tukasimama Mnyuzi, stesheni ndogo, kimya, na gadi, msimamizi wa gari, akapita nje akisema gari la mizigo linapanda kutoka Tanga, lazima tulipishe, nalo limechelewa.

"Limechelewa kiasi gani?" mtu mmoja akauliza.

"Likifika limefika," gadi akamjibu, akaenda zake kivulini.

Tukangoja. Joto likaingia ndani ya behewa likakaa na sisi. Watu wakashuka, wakapanda, wakalalamika, wakanyamaza. Mzee Hatibu alitoa tasbihi yake akawa anazivuta punje haraka haraka, haraka kuliko mtu anavyoweza kuomba. Akasimama, akakaa. Akachungulia reli, akakaa. Mimi nilitazama miguu yake tu, viatu vyake vikigonga sakafu, nikasema masikini mzee wa watu, hapendi kuchelewa sala.

Kisha maji yakanipasukia. Yakatoka chini ya buibui, yakatiririka kwenye mbao za sakafu, yakaenda yenyewe bila aibu mpaka kwenye viatu vya mkwe wangu. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Naye aliyaona. Akavuta miguu yake nyuma, akageuza uso dirishani. Na mimi nikageuza wangu. Tukakaa hivyo, watu wawili wazima, yale maji katikati yetu, kila mmoja anamstahi mwenzake.

Bi Zaina akasimama. Kuku wake akaanguka chini, hakumjali.

"Ewe mtoto," akasema, "unamficha nani? Eti unamficha nani? Mficha uchi hazai!" Methali ile nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, mwanangu, wakiambiwa watu wanaoona haya kuomba au kuuliza. Sikujua kama siku moja mtu ataniambia mimi, na iwe vile vile ilivyo, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Mzee, mwalimu wa chuo, mtu ambaye watu wazima wa Moa walikuwa wakimbusu mkono. "Na wewe, mzee wangu, shikamoo, lakini macho uliyopewa ni ya kusomea msahafu tu? Huyu si mtoto wako? Akifa hapa utamrudishia nani hii heshima yenu?"

Hakuna aliyewahi kumsemesha Mzee Hatibu hivyo. Nilisubiri akasirike. Hakukasirika. Uso ulimshuka, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Kweli, bibi. Kweli kabisa." Na yule mtu wa heshima akaiinua kanzu yake kwa mikono miwili, akaruka chini kutoka behewani, akaanza kukimbia kando ya gari akipiga kelele. Nilimsikia. Gari zima lilimsikia. "Jamani mwanangu anazaa! Kuna mkunga? Kuna daktari humo? Enyi watu, mwanangu anazaa!" Behewa hadi behewa, ile sauti ya kusomea, anaimwaga njiani mbele ya watu asiowajua.

Hakukuwa na mkunga. Bi Zaina akawatoa wanaume behewani, wanawake wakanizunguka na kanga zao wakafanya ukuta. Akaniangalia. Nikamwona uso wake ukibadilika. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto ametanguliza mkono. Hili si langu mimi, hili ni la daktari."

Tanga ilikuwa mbali mbele. Korogwe ilikuwa karibu, lakini nyuma, na gari letu halirudi nyuma. Nilianza kulia kwa jina la mama yangu. Niliona waziwazi kwamba nitafia pale, katikati ya mikonge, na kwamba nimejifisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia Mungu, nitasema, nitasema kila kitu, ila nirudishe Korogwe.

Ni Mzee aliyefikiri. Lile gari la mizigo, lile tulilokuwa tunalilaani wote, linapanda. Linakwenda Korogwe. Akamwendea bwana stesheni. Bwana stesheni akamwambia kwamba gari lile lina saruji na mafuta ya taa, halichukui watu, na Mnyuzi linapita tu halisimami. Haya nilihadithiwa na Bi Zaina, aliyeyaona kwa macho yake kutoka mlangoni. Alisema Mzee hakubishana. Alivua kofia yake, akasimama mbele ya yule kijana kichwa wazi, mvi zote nje juani, akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima na sijapata kumwomba mtu. Leo nakuomba wewe. Nilikaa kimya Korogwe. Usininyamazie na wewe."

Yule bwana stesheni, Mungu amrehemu popote alipo, alimtazama, akaingia ndani, akatoka na bendera nyekundu.

Gari la mizigo likasimama, breki zinalia. Wakanibeba kwa kanga kunipeleka behewa la mwisho, la gadi. Bi Zaina akaja nami. Kabichi zake zikaenda Tanga zenyewe, na yule kuku sijui aliliwa na nani. Behewa lile halikuwa na benchi la kulala, ni sakafu na magunia, na lilikuwa linatikisika kuliko punda mwenye mzigo. Kila likitikisika napiga kelele. Sikuweza kukaa, sikuweza kulala. Ndipo Mzee Hatibu akakaa chini sakafuni na kanzu yake nyeupe, akaegemeza mgongo wake kwenye magunia, akaniambia mimi, mimi uso kwa uso, "Mwanangu, niegemee."

Nikamwegemea. Nililaza kichwa changu kifuani pa mkwe wangu, buibui limekwenda huko, nywele wazi, jasho na machozi na kila kitu, naye amenishika mabega anasoma Yasini sikioni mwangu kwa sauti iliyokauka kwa kupiga kelele. Kila uchungu ulipokuja aliniuliza, "Unauma wapi?" Nami nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, mwanangu, kwa majina yake. Bi Zaina akawa anacheka na kulia pamoja. Moyo wa mzee yule ulikuwa unakwenda mbio mgongoni mwangu, nikajua kuwa naye anaogopa kama mimi, na kule kujua kukanipa nguvu kidogo.

Korogwe walinipokea vizuri. Daktari alifanya kazi muda mrefu, sikumbuki yote, na sitaki. Mtoto alitoka kimya. Kimya kile, mwanangu, ndicho kimya kirefu kuliko vyote nilivyovisikia Buiko. Wakampangusa, wakamgeuza, wakampulizia, mimi namtazama muuguzi usoni kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama mtoto. Kisha akalia. Kilio chenyewe hafifu, cha kukwaruza, lakini ni kilio.

Mzee akaitwa amsomee adhana sikioni, kama ada. Mtu yule mwenye sauti ya kusikika mji mzima alifungua mdomo, na ikatoka sauti ya mlango mbovu. Alikuwa ameimaliza yote Mnyuzi. Akasoma hivyo hivyo, anakwama, anarudia, machozi yanamwangukia mtoto. Alipomaliza akanigeukia. Akasema, "Nilikuona tangu Mombo. Nilikuona ulivyoshika dirisha. Nikasema nikikuuliza nitakuaibisha. Korogwe nilijua kabisa, nikaliuliza dirisha ili nisije nikajibiwa. Nisamehe."

Nikamwambia, "Nisamehe wewe, baba. Nilikwambia hapana neno."

Mtoto tulimwita Mbwana. Aliishi, alhamdulillahi, na anaishi. Lakini ule mkono wake wa kushoto, uliotangulia ukabanwa muda wote ule tulipokuwa tunastahiana, haukupata nguvu tena. Ulibaki mwembamba, haunyanyuki kupita bega. Alijifunza kufanya kila kitu kwa wa kulia: kuandika, kula, kupanda baiskeli, hata kupiga wenzake chuoni. Hajanilalamikia hata siku moja. Siku moja tu, akiwa mdogo, aliniuliza kwa nini mkono wake hauendi juu kama wa wenzake anapotaka kujibu swali. Sikumdanganya. Nilimwambia, mama yako aliona haya kusema. Akafikiri, akaniambia, "Basi mimi nitakuwa nasema bila kunyoosha mkono." Nikaingia jikoni nikalia hadi wali ukaungua.

Na Mzee Hatibu je? Tangu siku ile hakuuambia tena mlango kitu. Watu wa Moa walisema amezeeka vibaya, anaongea na mke wa mwanawe kama anaongea na binti yake wa kumzaa. Waache waseme. Miaka ikapita, Salimu akahamishiwa Tanga, Mzee naye akaja kukaa nasi. Asubuhi moja aliniita mbele ya wanawe wote wa kiume, wamekaa wanakunywa chai. Akasema, "Njoo, mwanangu, nikuoneshe. Hapa chini ya mbavu pananichoma, na nikienda haja naona damu." Mmoja wa wanawe akaangalia dari. Mimi nikafunga kanga nikampeleka hospitali siku ile ile. Tulimwahi. Akaishi miaka mingine, akamsomesha Mbwana juzuu zote, na alipokuja kufa alikufa kwa uzee wake, hakuna alichokificha.

Sasa sikiliza, maana nimesema mengi na jambo lenyewe ni dogo. Wewe unayeumwa, sema. Uwe unaumwa mwili, uwe unaumwa moyo, uwe umefanya jambo linakuchoma, mtafute mtu umwambie gari likiwa bado limesimama Korogwe, usingoje mikonge. Haya ni nguo, mwanangu, nzuri, uivae kila siku, lakini mbele ya daktari nguo huvuliwa. Wala usidhani mwenzako hajui. Mara nyingi anajua, amekaa ncha ya pili ya benchi anavuta tasbihi, anangoja wewe uanze.

Na wewe unayemwona mwenzako anauma meno, na hasa hili nawaambia vijana wa kiume, usisingizie heshima. Heshima inayomwacha mtu afe ni uoga uliovaa kanzu. Muulize. Akikwambia hapana neno, muulize tena. Akikasirika, hasira itapita. Mimi ningemkasirikia mkwe wangu Korogwe siku moja, na mwanangu angekuwa na mikono miwili.

Haya, nenda, jua limepanda. Mola akufungulie ulimi siku ya maumivu yako, awafungulie na wanaokupenda macho na midomo. Akupe uzazi salama, akupe wakwe wenye huruma, na Mungu akujaalie uzikwe na wanao, usije ukawazika wewe. Amin.